Vijana wasimuliwe viongozi wao pamoja na udhaifu wao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku ambalo limenikaa kifuani tangu mwezi uliopita, nilipoalikwa kwenye sherehe ya kugawa zawadi katika skuli moja ya hapa Kaskazini Pemba. Nilisomesha historia na Kiswahili kwa miaka 31 kabla ya kustaafu, na kila nikimwona mwanafunzi anakabidhiwa kitabu mbele ya wazee wake, macho yangu hutangulia kwenye jalada kabla hayajafika usoni mwake. Siku ile wanafunzi 9 waliofanya vizuri walipewa vitabu vya uongozi, vyote kwa Kiingereza na vyote vya aina moja, ambamo mwandishi wa mbali anamweleza msomaji hatua za kufuata ili awe kiongozi, apate mali na asikilizwe na watu. Nilikiomba kimoja kwa binti aliyekuwa amekaa karibu yangu, nikakifungua huku na huku wakati wa hotuba. Ndani yake nilikuta kanuni na michoro ya mishale, lakini sikukuta mtu hata mmoja mwenye jina, wazazi na kijiji alichotoka.

Waliotoa zawadi zile walikuwa na nia njema, na sina ugomvi nao. Ninachosema ni kwamba tabia ya uongozi haiingii moyoni mwa kijana kwa kanuni. Huingia pale anapomwona mtu fulani, aliyeishi mahali fulani na mwaka fulani, amebanwa baina ya mambo mawili na hana budi kuchagua, naye kijana anayesoma au kutazama akajiuliza kimoyomoyo kama yeye angethubutu. Kazi hiyo hufanywa na wasifu, tawasifu, riwaya ya kihistoria na filamu, na haifanyiki vizuri ila mwandishi akiwa tayari kutuonesha pia mahali ambapo mtu huyo aliyumba.

Nitaeleza niliyoyashuhudia. Miaka kadhaa iliyopita, mimi na walimu wenzangu wawili tuliwaonesha wanafunzi wa dakhalia filamu ya Lion of the Desert, iliyoongozwa na Moustapha Akkad na kutoka mwaka 1981, inayosimulia vita vya Omar Mukhtar dhidi ya Waitaliano nchini Libya. Tulishona shuka mbili pamoja, tukazitundika kwenye ukuta wa darasa unaotazama uwanja, tukaazima projekta na spika zinazokodishwa kwa harusi, nami nikakaa na kipaza sauti nikitafsiri kwa karibu saa tatu mpaka koo likakauka. Nilikuwa na hofu kwamba filamu ya zamani namna ile, isiyo na hata sentensi moja ya lugha yetu, isingewashika vijana waliozoea vipande vya dakika moja vya kwenye simu. Hofu yangu haikuwa na msingi, kwa sababu walipojua tu kwamba Omar Mukhtar alikuwa mwalimu wa chuo, mzee wa kuwasomesha watoto Kurani kama walimu wao wenyewe wa vijijini, wakasogeza mikeka mbele.

Omar Mukhtar alipigana kwa miaka 20, tangu Waitaliano walipoivamia nchi yake mwaka 1911. Katika miaka ya mwisho Jenerali Graziani aliwahamisha watu wapatao 100,000 wa mashariki ya Libya na kuwafungia katika kambi zilizozungushiwa seng'enge, ili wapiganaji wakose chakula na habari. Mzee huyo alikamatwa Septemba 1931, akiwa na umri wa miaka yapata 70, akahukumiwa kwa haraka, na tarehe 16 ya mwezi huo akanyongwa huko Soluch mbele ya watu wake. Hayo yote yamo katika vitabu vya historia. Lakini filamu inalo tukio moja dogo ambalo ndilo lililofanya kazi usiku ule: wapiganaji wamemteka ofisa kijana wa Kitaliano, mmoja wao anataka auawe kwa kuwa Waitaliano huwaua mateka, na Omar Mukhtar anakataa, akisema kwamba Waitaliano si walimu wao. Filamu ilipokwisha, baada ya miwani ya mzee kuanguka chini ya kitanzi na mtoto mdogo kuiokota, uwanja ulikaa kimya kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuusikia. Kisha msichana wa kidato cha pili akauliza kwa nini yule mateka aliachwa hai, wakati huenda angerudi kuwaua waliomwachia. Walijadiliana wao kwa wao chini ya mwembe hadi mlinzi akaja kuzima taa, wengine wakitetea huruma na wengine wakisema ule ulikuwa ujinga wa kivita, na mimi sikulazimika kusema neno. Nimesomesha vipindi vingi vya maadili ya uongozi, lakini sikumbuki kimoja kilichowatia wanafunzi katika mjadala wa namna ile.

Serikali ya Italia iliipiga marufuku filamu hiyo mwaka 1982 kwa madai kwamba inalivunjia heshima jeshi lake, na wananchi wa Italia wakasubiri hadi mwaka 2009 kuiona katika televisheni. Nalitaja hilo kwa sababu linaonesha kwamba hadithi ya tabia ya mtu mmoja inaweza kuitia hofu serikali nzima hata nusu karne baada ya kifo chake. Hata hivyo lazima niseme ukweli wote: filamu hiyo, iliyogharimiwa na serikali ya Gaddafi, inamchora mzee wetu kama mtu asiye na doa wala shaka. Vijana walimpenda, lakini mmoja wao aliniambia asubuhi yake kwamba mtu kama yule hawezi kuwa yeye. Neno hilo lilinirudisha kwenye vitabu.

Wengi wetu tumeiona filamu ya Gandhi, mpigania uhuru wa India, ya mwaka 1982, iliyoongozwa na Richard Attenborough na kupata tuzo 8 za Oscar, au angalau tumesikia habari zake. Baada ya kuonesha mauaji na mazishi yake, filamu inarudi nyuma hadi mwaka 1893, pale wakili kijana anapotupwa nje ya treni Pietermaritzburg, Afrika Kusini, kwa sababu ya rangi yake, na kutoka hapo tunamfuata hadi anapokuwa kiongozi wa mamilioni. Ni watu wachache hapa kwetu wanaojua kwamba wiki chache tu kabla ya treni ile, kijana huyo huyo alikuwa Unguja. Meli aliyopanda kutoka Bombay ilipita Lamu na Mombasa, ikafika Zanzibar, naye akakaa siku 8 au 10 akisubiri meli nyingine ya kumpeleka kusini. Katika tawasifu yake anasifu miti yetu mikubwa na matunda yetu. Halafu anasimulia jambo ambalo hakuna aliyemlazimisha kulisimulia: nahodha wa meli alimchukua matembezini mjini, wakaishia katika nyumba isiyo ya heshima, na kila mmoja akaoneshwa chumba chake. Gandhi aliingia, akasimama pale kwa haya bila kutamka neno, akatoka kama alivyoingia.

Mwandishi mwingine angelisimulia tukio hilo ili asifiwe kwa kushinda kishawishi. Yeye anafanya kinyume chake. Anasema Mwenyezi Mungu ndiye aliyemwokoa, na kwamba anachojionea huruma ni udhaifu wa kukosa ujasiri wa kukataa kuingia chumbani tangu mwanzo. Katika kitabu hicho hicho anasimulia kesi yake ya kwanza Bombay, alipoinuka mahakamani kumhoji shahidi, kichwa kikamzunguka, asipate la kuuliza, akakaa chini na kumrudishia mteja ada ya rupia 30. Nilipowasomea vijana wa mtaani kwangu kurasa hizo mbili, nikizitafsiri papo hapo, waliona kwa mara ya kwanza kwamba mtu aliyeongoza matembezi ya mwaka 1930 ya kupinga kodi ya chumvi ya Waingereza, ya siku 24 kutoka Sabarmati hadi pwani ya Dandi, aliwahi kuwa mwoga wa kusema "hapana" mbele ya nahodha, tena katika mji wetu wenyewe. Tangu hapo walianza kuuliza amebadilikaje, na hilo ndilo swali ambalo kitabu cha uongozi kinapaswa kulizaa.

Ndugu Mhariri, kuna jambo jingine katika kitabu kile linalokuhusu wewe moja kwa moja. Gandhi alijua Kiingereza kuliko wengi wetu, lakini aliyaandika maisha yake kwa Kigujarati, lugha ya mama yake, na yakatoka kidogo kidogo kila wiki katika gazeti la Navajivan kuanzia mwaka 1925 hadi 1929. Nitalirudia jambo hili baadaye.

Hatuna haja ya kwenda India kutafuta mifano. Tarehe 8 Mei 2021, siku alipotimiza miaka 96, Mzee Ali Hassan Mwinyi alizinduliwa kitabu chake cha Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu, na alikiandika kwa Kiswahili. Watu hukitaja kwa sababu ya kipindi cha urais na milango ya biashara iliyofunguliwa, lakini kwangu mimi maisha ya mzee huyo yamebebwa na siku moja ya miaka ya 1970, alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Watuhumiwa walikufa mikononi mwa polisi huko Shinyanga. Yeye hakuamuru, wala hakuwepo, na hakuna aliyekuwa akimshika shati atoke. Aliandika barua ya kujiuzulu kwa kuwa waliofanya hayo walikuwa chini ya wizara yake. Alipoiandika hakuwa na njia ya kujua kwamba baadaye angekuwa Rais wa Zanzibar mwaka 1984 na Rais wa Jamhuri ya Muungano mwaka 1985. Kwa yote aliyoyajua siku ile, alikuwa akiufunga mlango wa maisha yake ya siasa kwa mkono wake mwenyewe. Alizikwa Mangapwani mwaka 2024, kijiji kile kile alichosomesha alipokuwa kijana, na mimi husema kila nikipata nafasi kwamba kisa cha barua ile kinafaa kusomwa katika kila darasa la visiwa hivi, pamoja na swali la nani mwingine tangu siku hiyo ameandika barua kama ile.

Rais Benjamin Mkapa naye, katika kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 2019, aliyataja mauaji ya waandamanaji wa Zanzibar ya Januari 2001 kuwa ni doa katika urais wake. Sisi tuliokuwepo Pemba siku zile hatuhitaji kusimuliwa yaliyotokea, na wapo watakaosema kwamba maneno ya kitabuni hayamrudishi aliyekufa, nami nakubaliana nao. Lakini namwomba msomaji azingatie ni viongozi wangapi walioondoka duniani bila kuandika hata sentensi moja ya namna hiyo.

Isieleweke kwamba kiongozi ni mwenye cheo peke yake. Riwaya ya Kuli ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979, inatuonesha wachukuzi wa bandari ya Unguja wanavyojifunza kusimama pamoja hadi kugoma, na nyuma ya riwaya hiyo kuna mgomo wa kweli wa mwaka 1948. Riwaya yake nyingine, Vuta N'kuvute, imefanywa filamu na Amil Shivji, ikaoneshwa Toronto mwaka 2021, nayo inawarudisha vijana wa leo katika Unguja ya miaka ya 1950, wakati wenzao walipohatarisha uhuru wao kwa ajili ya makaratasi ya siri ya kudai uhuru wa nchi. Huko nyuma zaidi yuko Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyefinyanga na kuuza vyungu, akadharauliwa mjini kwa asili yake, kisha mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri zilizopeleka Kiswahili chetu mbali. Wimbo wake wa Kijiti ulisimulia mauaji ya mwanamke na haki iliyopotea, wakati ambapo watu wa tabaka lake hawakuwa na mahali pengine pa kusemea. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, na nakala niliyokuwa nikiisomesha ilikuwa imefungwa kwa karatasi ya kaki na kurasa 12 za mwanzo hazipo, hivyo kila kundi la wanafunzi lilianzia katikati ya maisha yake, nami nikawasimulia kwa mdomo utoto wake. Na Sheikh Abdalla Saleh Farsy alitukusanyia masheikhe wetu katika Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika, ambamo yumo Sheikh Abdalla Bakathir, aliyesomesha mtaa wa Ukutani mjini Unguja na kusafiri hadi Cape Town kuwasuluhisha Waislamu waliogombana. Kupatanisha watu nako ni uongozi, tena adimu.

Kwa upatanishi, nataka nikitaje kitabu ambacho kwa maoni yangu kina faida kubwa kwetu kuliko vyote nilivyovitaja. Mwaka 2009 mwanahistoria wa Kimarekani G. Thomas Burgess alitoa kwa Kiingereza kumbukumbu za watu wawili, Ali Sultan Issa na Maalim Seif Sharif Hamad, ndani ya jalada moja. Wote wawili ni wazaliwa wa Pemba, wote waliwahi kuwa mawaziri wa elimu wa Zanzibar, na kila mmoja anayaona Mapinduzi ya 1964 na miaka iliyofuata kwa jicho lake. Mmoja alikuwa mjenzi wa utawala ule, na mwingine akaja kuupinga, akawekwa ndani tangu 1989 hadi 1991, na mwishowe akakaa meza moja na Rais Amani Karume Novemba 2009 na kuzaa maridhiano yaliyotupa Serikali ya Umoja wa Kitaifa mwaka 2010. Msomaji anayemaliza nusu ya kwanza akiwa ameshawishika, hulazimika kuanza upya anapoingia nusu ya pili. Mwalimu hawezi kupata zana nzuri kuliko hiyo ya kuwazoesha vijana wa visiwa hivi kumsikiliza mtu wasiyekubaliana naye mpaka amalize. Hapa kwenye baraza yetu ya Wete, ambako jina la Maalim hutajwa karibu kila jioni, kati ya watu 14 wanaokaa pale ni mimi peke yangu niliyekisoma.

Najua pingamizi nitakalolipata, kwa sababu nimeshalipata. Mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniambia kwamba kuwaonesha vijana udhaifu wa wakubwa ni kuwafundisha utovu wa adabu, na kwamba visiwa vilivyopita katika siasa kali kama hivi vyetu havistahimili kufukuliwa ya kale. Sidharau kauli hiyo, kwani zipo familia zenye majeraha ambayo hayajafunga. Lakini wahenga wametuambia kuwa mficha uchi hazai, na miaka yangu ya darasani imenionesha kwamba kijana aliyesimuliwa viongozi wasiokosea hufanya moja kati ya mawili: ama huona uongozi ni wa watu wa namna nyingine asiyoifikia yeye, ama siku anapogundua kosa moja hutupa kila alichofundishwa. Adabu ya kweli kwa Mzee Mwinyi ni kuieleza barua yake pamoja na vifo vilivyoisababisha, kwani bila ya vifo hivyo barua ile haina maana.

Sasa narudi kwenye Navajivan. Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni kwamba gazeti lako litenge nusu ukurasa kila wiki kwa ajili ya maisha ya mtu mmoja, kwa Kiswahili sanifu, kwa sharti kwamba kila makala imsimulie mtu huyo katika siku moja aliyolazimika kuchagua, pamoja na gharama aliyoilipa na pale alipokosea. Mwalimu Nyerere, akiwa na kazi zote za urais, alipata muda wa kutufasiria tamthilia ya Julius Caesar ya Shakespeare, ikatoka mwaka 1963, na wanafunzi wangu waligombana juu ya Brutus, anayeshiriki kumwua rafiki yake Caesar, kana kwamba ni jirani yao wa Mtambwe. Sioni kwa nini walimu wastaafu, ambao muda tunao, tushindwe kutafsiri kurasa chache kwa wiki. Nyaraka za Taifa pale Kilimani zina makaratasi, Shirika la Utangazaji Zanzibar lina sauti za wazee, na wapo hai watu wanaokumbuka mambo ambayo hayajaandikwa popote. Kwa filamu naomba kitu kidogo zaidi: wanaoandaa maonesho ya kila mwaka ya Ngome Kongwe, yaliyoanza mwaka 1998, wawape walimu wa skuli zetu nakala za filamu za kihistoria zilizowekwa maelezo ya Kiswahili chini ya picha, ili isiwe lazima mwalimu apoteze sauti kwa kutafsiri usiku kucha. Shuka na ukuta tunavyo.

Mimi nimeshaanza. Kurasa za Gandhi akiwa Unguja nimezitafsiri, zimefika karatasi 4 za mkono, na ya pili ninayoiandaa ni ya Siti binti Saad, nikianza na zile kurasa 12 ambazo wanafunzi wangu hawakuzisoma. Nitazileta ofisini kwako mimi mwenyewe nitakapovuka kwenda Unguja mwisho wa mwezi huu.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba